Chogo, gemu stiki, emuleta au mashine yenyewe: gemu za zamani uzichezee wapi?

Katika stegi ya kwanza ya Super Mario Bros., ukishapita yale mabomba manne ya kijani, kuna shimo. Si kubwa, upana wake ni matofali mawili. Utotoni nimeliruka mara nyingi hadi kidole gumba kikalijua kuliko macho. Mwaka jana nililikuta tena nyumbani kwa kaka yangu, kwenye TV bapa kubwa ya sebuleni, kwa kimashine kipya cha kuchomeka nyuma ya TV. Nikatumbukia. Nikarudia, nikatumbukia tena. Mara ya nne niliacha kuhangaika na shimo, nikatazama mkono wangu: kidole kinabonyeza, kinaachia, halafu ndipo Mario anaruka.

Kidole hakikuwa kimesahau. Picha ndiyo iliyokuwa inachelewa, na kiasi cha kuchelewa kwake kinahesabika. Toleo la Japani na Marekani la gemu hii huchora picha 60 kwa sekunde. Mario akikimbia kwa kasi yake yote husogea pikseli mbili na nusu kila picha, na tofali moja lina pikseli 16. TV bapa ambayo haijawekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 100, yaani picha sita. Sita mara mbili na nusu ni 15. Kwa hiyo Mario unayemwona kwenye kioo yuko karibu tofali zima nyuma ya Mario aliyemo ndani ya mashine. Kwenye shimo la matofali mawili, tofali moja linatosha kukuua.

Tangu siku ile, kila njia ya kucheza gemu za zamani naipima kwanza kwa kidole gumba. Wingi wa gemu, uzuri wa picha na bei navitazama baadaye. Watu wengi wanaotaka kurudia gemu za utotoni hununua kitu chenye gemu elfu kumi, wanacheza jioni moja, wanahisi kuna kitu hakipo, wanakiweka kabatini na kusema gemu zenyewe kumbe hazikuwa nzuri. Gemu zilikuwa nzuri. Walizichezea pasipozifaa.

Mashine ya kaseti na TV ya chogo

Nintendo ilianza kuuza Famicom huko Japani tarehe 15 Julai 1983, na mwaka 1985 ikaipeleka Marekani kwa jina la NES. Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki hatukuigusa mashine halisi. Tulichokuwa nacho ni nakala zilizotengenezwa Asia, zenye majina ya kila namna, na kaseti moja iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999 huku ndani zikiwa kama kumi na kitu zinazojirudia. Nakala hizo nyingi zilifuata umbo la Famicom: kaseti ya meno 60. Kaseti ya NES ina meno 72, haiingii. Ukiona kaseti nzuri ya Kimarekani inauzwa mtandaoni, hesabu meno kabla ya kutuma pesa.

Kwa upande wa kidole gumba, chogo, ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa, haina mpinzani. Mashine inapotoa mstari wa picha, chogo inauchora mstari huohuo papo hapo, kwa sababu haina pa kuuhifadhi. TV bapa hupokea picha nzima, huisafisha, huinyoosha, huikuza, ndipo huionyesha. Tena ukichomeka mashine ya zamani kwa waya za AV, TV bapa nyingi huidhani ni picha ya matangazo ya zamani iliyogawanywa nusu mbili, hivyo huanza kuzishona nusu ambazo hazipo. Hapo ndipo unapoona mhusika anayemeta anageuka ukungu au anapotea kabisa.

Kuna gemu ambazo kwa vifaa vyake vya asili hazichezeki bila chogo, na mfano mkubwa ni Duck Hunt, ile ya bata na bunduki. Wengi tuliamini bunduki inatoa mwanga unaopiga kioo. Ni kinyume chake: bunduki ni jicho. Ukivuta kifyatulio, gemu inafanya kioo chote kuwa cheusi kwa picha moja, halafu inachora kisanduku cheupe mahali alipo bata. Bata wakiwa wawili, visanduku huja kimoja baada ya kingine, na mashine inajua umempiga yupi kwa kuangalia jicho limeona mwanga wakati wa kisanduku kipi. Ile picha nyeusi ya mwanzo ni ya kukamata wadanganyifu: ukielekeza bunduki kwenye balbu, jicho litaona mwanga wakati kioo kinatakiwa kuwa giza, na risasi haihesabiwi. Mpango wote huu unategemea kioo kuchora kwa wakati uleule gemu inapoagiza. TV bapa ikichelewa hata picha chache, jicho linatazama muda ulioshapita. Bata hafi. Ukichomeka bunduki ya zamani kwenye TV bapa ukakosa kila bata, bunduki huenda ni nzima kabisa.

Chogo ina siri nyingine, nayo ni rangi. Wachoraji wa enzi ile walichora wakijua waya na kioo vitavuruga picha kidogo, wakautumia mvurugo huo. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji ya stegi ya kwanza yamechorwa kwa mistari ya wima iliyoachana. Kwenye chogo, kwa waya ya AV, mistari inayeyukiana na unaona maji unayoweza kuona kupitia kwake. Kwenye kioo safi cha leo unaona pazia la mistari. Picha imekuwa kali zaidi na maji yamepotea.

Shida za njia hii ni za kweli. Chogo ni nzito, inakula meza, na haitengenezwi tena kwa wingi. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baada ya hapo watu wakaanza kuachana nazo taratibu. Kuzimwa kule hakukuziharibu kwa kazi yetu, maana mashine ya kaseti inatoa mawimbi yake yenyewe kupitia waya wa antena. Unatafuta chaneli, chenga zinatulia, gemu inatokea kama zamani. Nenda kwa mafundi wa TV wa mtaani, wengi bado wanazo nyuma ya banda. Chagua yenye matundu ya AV kama ipo, maana picha yake ni safi kuliko ya antena. Ila usiifungue mwenyewe hata siku moja. Ndani ya chogo kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Uangalifu wa pili ni kwenye adaptor. Mashine za Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na ukichomeka PS2 ya zamani ya Kijapani moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, umeiua. Mashine za kaseti nazo zinatofautiana volti na upande wa chanya na hasi. Soma kilichoandikwa tumboni mwa mashine, usiamini kwamba kwa kuwa pini imeingia basi adaptor ni yake.

Na kuhusu kupuliza kaseti. Sote tulipuliza, na mara nyingi gemu iliwaka, tukaamini ni pumzi. Kilichosaidia kilikuwa ni kuitoa na kuirudisha, meno yakapata kugusana upya. Pumzi ina unyevu, na unyevu unaleta kutu, hasa kwa sisi wa pwani ambao hewa yenyewe ina chumvi. Chukua kijiti chenye pamba, kitie spiriti kidogo, sugua meno ya kaseti taratibu, subiri ikauke. Pamba itatoka nyeusi. Kaseti niliyoihesabu imekufa miaka mingi iliwaka baada ya vijiti vitatu.

Gemu stiki na ndugu zake

Hiki ndicho kimashine kilichonitumbukiza kwa kaka: kidude kidogo cha HDMI, pedi mbili zisizo na waya, memori kadi iliyojazwa maelfu ya gemu. Kinauzwa kila mahali kwa sababu kinaondoa usumbufu wote. Unachomeka, unacheza. Kama una wageni wenye watoto na unataka jioni moja ya kelele, kitakufaa.

Lakini kishindanishe na chogo kwa kipimo cha shimo. Pedi yake inatuma kwa mawimbi, kimashine kinaiga Famicom kwa programu ambayo huna uwezo wa kuirekebisha, kisha TV nayo inaongeza la kwake. Ucheleweshaji tatu zimepangana. Boksi huandikwa 4K kwa herufi kubwa, wakati picha ya Famicom ni pikseli 256 kwa 240, na hakuna waya wala stika inayoweza kuongeza kitu ambacho mchoraji hakukichora. Mara nyingi picha huwa imevutwa ijaze TV pana, Mario ananenepa. Memori kadi inayokuja nayo huwa dhaifu. Ikifa, gemu zote zimekwenda, kwa hiyo siku ya kwanza inakili kwenye kompyuta.

Ukishakinunua, usikate tamaa. Ingia kwenye mipangilio ya TV, washa hali ya gemu, rudisha umbo la picha kuwa 4:3. Mabadiliko hayo mawili hayana gharama na yanapunguza sehemu kubwa ya ubaya. Kwa mtu anayenunua leo, hata hivyo, pesa hiyo ningeiweka kwenye pedi mbili nzuri za waya za USB, na kazi nyingine ningeiachia kompyuta.

Emuleta: kompyuta kwanza, simu baadaye

Emuleta ni programu inayojifanya mashine ya zamani. Kwa gemu za kaseti haihitaji nguvu: laptopu iliyochoka inayofungua barua pepe kwa shida itaendesha Famicom, Mega Drive na Super Nintendo bila kutoka jasho. RetroArch inakusanya emuleta nyingi chini ya dari moja, ni ya bure, na ipo kwa kompyuta na simu. Kwa Famicom peke yake napenda Mesen, maana inaiga mashine kwa usahihi mkubwa.

Kitu kilichonifanya niiheshimu emuleta ni kile kinachoitwa run-ahead kwenye RetroArch. Emuleta inachukua ulichobonyeza, inapiga hesabu ya picha zinazofuata kwa siri, halafu inakuonyesha matokeo mapema. Ucheleweshaji uliojengwa ndani ya gemu yenyewe unafutwa. Ukiwa na pedi ya waya na kioo cha kompyuta, ambacho kwa kawaida hakicheleweshi picha kama TV, unakaribia chogo kabisa. Shimo la matofali mawili nalivuka kwenye laptopu bila kufikiri. Weka picha moja tu ya kuanzia. Ukizidisha, utaona wahusika wanarukaruka kama mkanda uliokatwa.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wa kwetu na sijaliona likielezwa vya kutosha. Unafungua Contra kwenye emuleta na unahisi inakimbia, muziki una kasi, maadui wana haraka. Unadhani programu ina kasoro. Ukweli ni kwamba TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na nakala nyingi zilizoletwa kwetu zilitengenezwa kwa mfumo huo. Gemu iliyoandikwa kwa picha 60 ikichezwa kwa 50 inapungua kasi kwa karibu asilimia 17, na muziki nao unapungua kasi. Contra uliyokua nayo ilikuwa ya polepole. Katika Mesen na katika FCEUX, emuleta nyingine ya Famicom, unaweza kuchagua eneo liitwalo Dendy, jina la nakala iliyouzwa sana Urusi tangu mwaka 1992, na ghafla muziki unarudi ulivyokuwa sebuleni kwenu. Mimi nilipobadilisha hapo nilisimama nikausikiliza wimbo wa stegi ya kwanza mpaka mwisho bila kugusa pedi. Kwa mtu anayerudia gemu kwa ajili ya kumbukumbu, huo mpangilio mmoja una thamani kuliko memori kadi nzima ya gemu.

Emuleta pia inasevu popote. Super Mario Bros. haina kusevu kabisa: umeme ukikatika stegi ya saba, unaanza moja. Kwa mtu mzima mwenye dakika ishirini baada ya kazi, kusevu ni ukombozi. Ila nakusihi usisevu kila hatua. Contra ukiisevu kila baada ya risasi tatu, unamaliza bila kujifunza chochote. Kama roho hazikutoshi, ipo njia ya heshima iliyowekwa na wenyewe Konami: kabla ya kuanza, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Roho 30. Siri hiyo ya vitufe aliitunga Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom, akitaka kuijaribu gemu bila kufa kila dakika, ikaachwa humo, na kampuni ikaendelea kuitumia.

Simu ni habari tofauti. Nguvu inayo, na wengi ndiyo kompyuta waliyo nayo. Lemuroid kwenye Android ni ya bure na haina matangazo. Kwenye iPhone, Apple ilianza kuruhusu emuleta dukani kwake mwezi Aprili 2024, na Delta ikawa ya kwanza kupendwa. Tatizo ni kioo: hakina kitufe cha kugusa. Kidole gumba kinateleza kutoka kulia kwenda hewani na hakijui. Gemu za zamu, za mafumbo, za kusoma hadithi, zinakubali vizuri. Tetris inavumilika. Contra ni mateso. Ukinunua pedi ya simu, chukua ya kuchomeka USB, kwani ya Bluetooth inakurudisha kwenye ucheleweshaji uleule tulioukimbia.

Kuhusu sheria niseme wazi. Emuleta zenyewe ni halali: mahakama ya rufaa ya Marekani ilitoa uamuzi mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix uliowapa nafasi watengenezaji wa emuleta. Faili za gemu ni jambo jingine, zina hakimiliki, na kuzipakua mtandaoni bila ruhusa hakuwi halali kwa sababu gemu ni ya zamani. Upande wa pili wa shilingi ni huu: utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa Marekani haziuzwi tena kwa njia yoyote rasmi. Msimamo wangu: gemu ikiwa inauzwa mahali, nunua. Ambayo haiuzwi popote, nashukuru kuna watu waliihifadhi.

PlayStation: hapa hesabu inabadilika

Kuanzia PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, mashine halisi zilifika kwetu kwa wingi, na mabanda ya gemu yakaota kila mtaa. Tekken 3, Winning Eleven, anayefungwa anatoka, benchi limejaa wanaosubiri. Kumbukumbu yake si ya sebuleni, ni ya bandani, na haiwezi kurudishwa na mtu mmoja aliyekaa peke yake na laptopu. Kwa gemu hizi, kabla ya kuchagua mashine chagua mtu wa kucheza naye, kisha nunua pedi mbili.

Mashine zenyewe zinakufa kupitia jicho la leza. Wanaokumbuka PS1 iliyogeuzwa juu chini ili isome CD hawakuwa wanafanya uchawi. Katika matoleo ya mwanzo, kitoroli cha jicho kilikuwa cha plastiki na kilikaa karibu na sehemu inayotoa joto, kikalika, jicho likainama. Kuigeuza kulirudisha pembe. Leo ukiuziwa PS1 ya namna hiyo, iache.

PS2 ina maisha marefu zaidi. Ilitoka tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155, na utengenezaji ukasimama mwaka 2013, hivyo vipuri na mafundi wapo. Nyingi za mitaani sasa hazitumii CD kabisa, zinasoma gemu kutoka kwenye flashi. Inafanya kazi, ila USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, polepole, kwa hiyo video za katikati ya gemu zinakatakata. PS2 ile nene ina nafasi ya diski ya ndani kupitia kiunganishi chake cha mtandao, na diski hiyo haina shida hiyo. Kama nia ni kucheza San Andreas ya mwaka 2004 na kufuata hadithi yake, tafuta nene. Kama ni mpira tu, slim ya flashi inatosha.

Ukiweka PS2 halisi na PCSX2, emuleta yake, mezani pamoja, mimi naegemea emuleta waziwazi. Gemu za 3D hazikuchorwa pikseli kwa pikseli kama Sonic. Zinachorwa upya kila picha, hivyo kompyuta inaweza kuzichora kwa ukali ambao PS2 haikuuweza, na kwenye TV bapa tofauti ni ya mbingu na ardhi. Emuleta ya DuckStation inaifanyia PS1 vivyo hivyo, hata ule mtetemeko wa kuta na nyuso ambao macho yetu yaliuzoea inaweza kuutuliza. Masharti ni mawili: kompyuta iwe na nguvu ya wastani, na uwe na BIOS, yaani programu ya msingi ya kuiwasha mashine, iliyotolewa kwenye mashine yako mwenyewe. Simu za kawaida kwa PS2 bado zinahema. Simu yako ikiwa ya kiwango cha chini, geukia PSP, mashine ya mkononi ya Sony: emuleta yake, PPSSPP, ipo tangu Novemba 2012, haihitaji BIOS, na inaendesha gemu nyingi kwenye simu ambazo PS2 ingezizima.

Vimashine vya mkononi na matoleo rasmi

Vya mkononi kama Miyoo Mini Plus na Anbernic RG35XX ni emuleta iliyowekewa vitufe vya kweli na kioo cha inchi 3.5 chenye umbo la 4:3. Kwa anayesafiri sana, mwenye safari ndefu za basi, na anayecheza peke yake, sina cha kumshauri kizuri zaidi. Badilisha memori kadi mapema, kwa sababu ileile niliyoitaja juu.

Matoleo rasmi madogo yalikuwa mazuri na mabaya kwa wakati mmoja. NES Classic ya Novemba 2016 ilikuja na gemu 30 zilizotunzwa vizuri, na waya wa pedi mfupi wa kukulazimisha ukae puani kwa TV. PlayStation Classic ya Desemba 2018 ilikuwa na gemu 20, na 9 kati yake, Tekken 3 ikiwemo, ziliwekwa kwa toleo la PAL la picha 50. Ngumi zinachelewa. Kwa jina la Sony ilistahili uangalizi mkubwa zaidi. Huduma rasmi za gemu za zamani za kulipia kwa mwezi au mwaka ni nzuri kwa mwenye Switch ya Nintendo au PS5 tayari. Kununua mashine nzima kwa ajili ya gemu za zamani sioni faida yake.

Basi nani achukue nini

Taja gemu kwanza. Ukitaja bata, jibu ni chogo na bunduki, hakuna njia ya mkato. Ukitaja Contra au Mario na una laptopu yoyote, pedi mbili za waya na Mesen iliyowekwa Dendy. Mpira wa PS2 na marafiki: kompyuta ya wastani kama ipo, kama haipo slim ya flashi. Unacheza peke yako ndani ya basi: Miyoo. Una simu tu na huna mpango wa kununua kitu: anza na gemu za zamu, usiihukumu Contra kwa kioo.

Ukiwa dukani, kabla ya kulipa, omba wakuwashie Mario. Kimbia moja kwa moja hadi shimo la kwanza na uliruke ukiwa mbio, mara tatu. Muuzaji atakushangaa. Wewe ruka tu.

Kwa kaka tulianza na mipangilio ya TV. Tulipowasha hali ya gemu nililivuka shimo mara mbili kati ya tano. Tukaondoa kile kidude, tukachomeka laptopu kwa waya wa HDMI na pedi ya USB, nikalivuka mara zote. Mtoto wake wa miaka minane aliyekuwa pembeni akaomba pedi ya pili, wakaingia Contra na baba yake kwa roho 30, wakafa zote kwenye maporomoko ya stegi ya tatu. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa fundi tukachukua chogo ya inchi 14. Iko chumbani kwa mtoto, juu ya stuli, na bunduki ya plastiki imening'inia kwenye msumari kando yake.